Oili ya gia kwa Subaru WRX na STI: ipi iingie kwenye giaboksi, ipi iishie difu ya nyuma

Mwenye Impreza WRX au STI ya gia za mkono akifika duka la oili huulizwa kuhusu namba ya uzito wa oili: "Unataka tisini au mia arobaini?" Swali hilo linaruka jambo la msingi. Kwenye gari hizi difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) haina nyumba yake. Imo ndani ya giaboksi, na vyote viwili vinatumia oili ileile. Krauni na pinioni, gia kuu za difu ya mbele, ni za haipoidi: meno yake yanabanana kwa nguvu huku yakiteleza, kwa hiyo yanataka dawa nyingi ya salfa na fosforasi ya kuzuia chuma kisikwaruze chuma. Sinkro, pete za giaboksi zinazosaidia gia kuingia, zinataka kinyume chake. Lazima zishike kidogo ili mwendo wa gia usawazike kabla haijaingia. Oili yenye utelezi mno huifanya pete ya sinkro iteleze, na gia namba mbili au tatu inalia kila ukiiingiza haraka.

Oili nzuri kwa gari hizi ni ile inayowatosheleza mabwana hawa wawili kwa pamoja, na chupa nyingi zilizopo rafuni zinamtosheleza mmoja tu.

Kitabu cha gari kinataka GL-5 (daraja linaloonyesha kinga ya meno ya gia), uzito wa 75W-90. Kuna mafundi wanaoweka GL-4 kwa kuogopa kwamba GL-5 inakula shaba ya sinkro. Kwenye giaboksi ambayo difu yake iko mbali, GL-4 ni sahihi kabisa. Kwa WRX ni kosa la gharama, kwa sababu GL-4 ina karibu nusu tu ya dawa ya shinikizo iliyomo kwenye GL-5. Utaokoa sinkro uue krauni. GL-5 za kisasa kutoka kampuni zinazoeleweka haziisumbui shaba kwa joto la kawaida la giaboksi. Kinachozichosha sinkro zaidi ni utelezi uliozidi, hasa ule wa dawa inayoongezwa kwa ajili ya difu ya LSD (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure).

Kuhusu uzito, usitishwe na namba 90. Vipimo vya oili ya gia ni tofauti na vya oili ya injini: 90 kwenye nyuzi 100 ina uzito kati ya 13.5 na 18.5 cSt (kipimo cha uzito wa oili), yaani iko jirani na 20W-50 ya injini. Namba ya mbele ndiyo inayosikika mkononi asubuhi. Njombe au Limuru saa kumi na mbili alfajiri, 80W-90 hufanya gia namba mbili iwe ngumu kwa kilomita mbili tatu za kwanza, wakati 75W-90 inaingia bila ubishi. Dar au Mombasa tofauti hiyo karibu haipo.

Motul Gear 300 75W-90 ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa giaboksi. Ni sintetiki yenye esta, imeandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, na haina dawa ya LSD, kwa hiyo sinkro inashika inavyopaswa. Gari iliyokuwa ikikwaruza kidogo namba tatu kwenye mizunguko mikubwa hubadilika waziwazi, mradi pete za sinkro hazijaisha. Angalia jina kwa makini, maana kuna ndugu yake Gear 300 LS, na hiyo ni ya difu ya LSD. Chupa zinafanana, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote.

Red Line 75W-90NS inakwenda nayo bega kwa bega. Hizo herufi NS ndizo za kutafuta, kwa sababu Red Line 75W-90 ya kawaida ina dawa ya LSD ndani. Ubaya wake huku kwetu ni upatikanaji. Mara nyingi utaagiza nje, na ukipungukiwa chupa moja kazi inasimama. Subaru Extra-S 75W-90 ni salama, haina la ajabu, na inafaa gari isiyosukumwa sana.

Kwa Shell inabidi usome herufi. Spirax S4 G 75W-90 ina namba zilezile unazozitaka, lakini ni GL-4, iache. Spirax S6 AXME 75W-90 ni GL-5 ya eksele, imara sana, na mahali pake ni difu ya nyuma. Spirax S2 A 80W-90 ni ya madini, bei nafuu, GL-5 halali. Kwa difu ya nyuma isiyo na LSD ya pleti, ikibadilishwa mapema, haina tatizo lolote. Kwenye giaboksi ya turbo inayokimbizwa hatuipendekezi, kwa kuwa inachoka upesi ikipata joto.

Wamarekani wenye Subaru wana desturi ya kuchanganya oili tatu, mojawapo ikiwa Red Line Lightweight ShockProof, ili giaboksi ya gia tano iingie laini. Kulainika inalainika. Lakini ShockProof ina chembe ngumu zinazoelea ndani yake, na haifai kwenye giaboksi yenye pampu ya oili kama ile ya gia sita ya STI. Na hakuna mchanganyiko utakaoyapa nguvu meno ya gia tano. Ukiondoka kwa kuachia klachi ghafla na turbo imejaa, gia zitavunjika hata ndani ya oili ya bei mbaya kuliko zote. Vivyo hivyo, gari ikikata kona kali polepole huku inavuta na kugoma kama imeshikwa breki, hiyo ni viskasi, kiunganishi chenye majimaji mazito, ya difu ya kati. Imefungwa na silikoni yake ndani, oili haiigusi.

Difu ya nyuma jua kwanza ni ya aina gani. LSD ya pleti, iliyokuja na STI za mwanzo za gia sita, inataka oili ya LS: Motul Gear 300 LS, au Motul Gear Competition 75W-140 kwa gari ya mashindano. Bila dawa hiyo pleti hunguruma unapogeuza gari kwenye maegesho. STI za baadaye zina Torsen, inayofanya kazi kwa msuguano wa meno, na WRX nyingi zina viskasi nyuma. Hizo mbili hazina haja na dawa ya LS.

Giaboksi ya gia tano inakunywa lita 3.5 na difu yake ya nyuma lita 0.8, ya gia sita ya STI lita 4.1, difu lita 1. Yaani chupa za lita moja nne na moja, au tano na moja.

Endesha gari ipate moto kwanza, kisha iegeshe sehemu tambarare kabisa. Kwenye difu ya nyuma fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia; ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari haitoki hapo. Tundu lake la mraba linapokea mpini wa nusu inchi moja kwa moja. Jaza kwa pampu ya mkono mpaka oili ianze kutiririka nje ya tundu. Giaboksi ya gia tano hujazwa kupitia tundu la kijiti cha kupimia, chini karibu na turbo, kwa faneli yenye mpira mrefu. Ukizidisha, oili hutoka kwenye pumulio na kufuka moshi juu ya bomba la moto. Kwenye nati ya kumwagia ya giaboksi weka washa (pete ya kuzibia) mpya kila mara: yenye washa ya alumini ikazwe Nm 44, ya shaba Nm 70.

Tazama sumaku ya nati. Ute wa kijivu laini kama grisi ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa, vyenye ncha unayoihisi kwa kidole, ni jino linalomomonyoka, na oili mpya haitalirudisha. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, kwa kawaida kupitia pumulio baada ya kukatiza barabara iliyofurika. Ibadilishe siku hiyohiyo, endesha kilomita mia chache, umwage tena. Kwa gari inayokimbizwa, kilomita 20,000 hadi 30,000 ni kipindi cha haki.

Wenye WRX ya otomatiki ya gia nne, difu yenu ya mbele ina oili yake pekee, kiasi cha lita 1.2, na kijiti chake kiko upande wa kulia. Cha kushoto ni cha oili ya giaboksi. Fundi akifungua nati isiyo yake, difu inabaki kavu huku giaboksi imejazwa kupita kiasi, na gari itatoka gereji ikiendeshwa vizuri tu mpaka difu ianze kulia. Kabla ya kulipa, chomoa vijiti vyote viwili mwenyewe na unuse: cha difu lazima kitoe harufu nzito ya salfa.