Chupa za maji za kudumu kwa familia: ipi inafaa Bukavu?

Katika masoko ya Kadutu na Nyawera hapa Bukavu kuna aina tatu za chupa za maji zinazoweza kujazwa tena na tena: za plastiki ngumu, za aluminiamu na za chuma cha pua, yaani inoksi. Zote tumezitumia nyumbani, na kwa maoni yangu inoksi ya ukuta mmoja yenye mdomo mpana ndiyo inayoifaa familia ya hapa, ijapokuwa bei yake inaizidi ya plastiki mara kadhaa.

Sababu ya kwanza ni namna tunavyopata maji ya kunywa. Nyumba nyingi huyachemsha, na mtoto anayewahi shule hawezi kungoja yapoe. Anayechagua plastiki na aangalie namba iliyo kitakoni ndani ya pembetatu. Namba 5, polipropilini, huvumilia maji ya moto. Namba 1 ni ya chupa za maji na soda za dukani, ambazo hujikunja zikitiwa maji yanayochemka. Namba 7 hujumuisha plastiki nyinginezo zote, ikiwamo polikaboneti, inayotengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Si kila chupa ya namba 7 ina kemikali hiyo, lakini muuzaji wa mezani hana njia ya kukuhakikishia.

Aluminiamu ni nyepesi na rangi zake huwavutia watoto. Hata hivyo, hupakwa utando ndani ili isishikane na vinywaji vichachu kama maji ya marakuja, na utando ukichubuka huwezi kuuona. Sitainunua tena.

Inoksi haihitaji utando. Iliyo bora hupigwa chapa ya 304 au 18/8, maana ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba sumaku haishiki, lakini jaribio hilo halitoshi, kwa kuwa hata inoksi ya 201, yenye nikeli kidogo na inayopata kutu upesi zaidi, kwa kawaida haishikwi na sumaku. Chupa za kuta mbili hutunza joto vizuri, ila ni nzito na ghali, na katika mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi sioni haja ya kulipia ubaridi. Ya ukuta mmoja huunguza mkono ikitiwa maji ya moto. Mfuko wa kitenge uliotiwa pamba unatosha.

Udhaifu mkubwa uko kwenye kifuniko. Vifuniko vyenye mrija hukusanya ukungu mahali ambapo brashi haifiki, kwa hiyo chagua kile ambacho pete yake ya silikoni hutoka na kuoshwa. Kasoro ninayoilaumu ni kwamba pete za akiba hazipatikani kwa urahisi, na pete ikipotea, chupa nzima huvuja.

Kuhusu mazingira, amri ya serikali ya Desemba 2017 iliyopiga marufuku vifungashio vya plastiki haijazuia chupa kuteremka na mvua hadi Ziwa Kivu, kisha kuingia mto Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa la umeme. Lakini kutengeneza chupa ya inoksi hutumia nishati nyingi kuliko ya plastiki, hivyo faida yake huja ikitumika kwa miaka.

Kwa mtoto wa shule ya chekechea nusu lita inatosha, maana lita moja ni kilo nzima mgongoni. Kabla ya kulipa, omba chupa ijazwe maji, ifungwe na kugeuzwa kichwa chini. Muuzaji akikataa, nenda meza inayofuata.