Cheni mpya ya chenso kwa miti ya Tabora: ipi uinunue, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la vipuri Tabora mjini ukasema unataka cheni ya chenso, yaani msumeno wa injini, swali la kwanza litakuwa "inchi ngapi, bosi?" Ukijibu "ishirini" utapewa cheni, utalipa, na kesho yake huenda ukairudisha kutoka Sikonge kwa nauli yako mwenyewe. Urefu wa baa, lile bamba la chuma ambalo cheni huzungukia, peke yake hauchagui cheni. Baa ya inchi 20 ya mashine za Kichina za aina ya 5200 kwa kawaida hubeba cheni ya meno 76 ya chini, yale yanayotembea ndani ya mfereji wa baa. Ya Stihl yenye pichi (nafasi ya kiungo hadi kiungo, kwa inchi) ya .325 hubeba 81, na ya Husqvarna yenye pichi ya 3/8 hubeba 72. Zote ni "ishirini".

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, ijue cheni yako. Anza na pichi. Pima kutoka katikati ya ribiti (pini inayounganisha viungo) ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata milimita 16.5 hivi, hiyo ni .325, ikiwa 18.6 ni 3/8, ikiwa 20.5 ni .404, ambayo utaikuta kwenye mashine kubwa za zamani kama Stihl 070. Hapo kuna mtego mmoja: 3/8 zipo mbili, ya kawaida na ile fupi kwa kimo ya mashine ndogo kama Stihl MS 170. Jina ni moja lakini hazibadilishani, na gia ya moja, lile gurudumu la meno linalosukuma cheni, itaitafuna nyingine.

Halafu unene wa meno ya chini. Kwa mashine nyingi ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Stihl hugonga tarakimu moja kwenye jino la chini: 3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6. Kampuni ya Oregon hutumia namba zake: 21 ni .325 ya 1.5, 73 ni 3/8 ya 1.5, 75 ni 3/8 ya 1.6. Mara nyingi vipimo hivyohivyo vimegongwa pia kwenye baa, upande wa mashine; futa mafuta usome. Usidharau tofauti ya 1.5 na 1.6 kwa kuwa ni unene wa karatasi tu. Cheni ya 1.5 kwenye baa ya 1.6 itaingia bila shida, muuzaji atakuonyesha inavyozunguka pale mezani, halafu kwenye gogo itayumba na kukata upinde.

La tatu ni idadi. Tia rangi jino moja la chini, hesabu mpaka urudi palepale. Uvivu ukikushika, nenda na cheni ya zamani mfukoni. Ndiyo njia salama kuliko zote.

Sasa miti. Kwa anayekata mninga mbichi peke yake, cheni karibu yoyote nzuri itamfaa. Lakini kazi nyingi za huku ni mtundu mkavu, mkora, magogo yaliyolala chini tangu masika, na magome yaliyopakwa udongo wa mchwa kwenda juu. Udongo huo ni mchanga, na mchanga unaua makali haraka kuliko mti wenyewe. Ongeza waya wa mzinga wa nyuki wa zamani uliomezwa na gome. (Habari ya kibali cha kukata miti cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, ni nyingine na muhimu, hapa naongelea chuma tu.) Kwa hiyo usiulize cheni ipi inakata kwa kasi kwenye mti wa kwanza. Uliza ipi bado inakata saa tano asubuhi bila kupigwa tupa kila baada ya gogo moja.

Hapo ndipo umbo la jino la kukatia linapoamua. Kuna jino lenye pembe kali ya mraba na lenye pembe ya mviringo. La mraba lina kasi, ila nguvu yake yote imebebwa na ncha moja nyembamba; ncha ikigusa mchanga, umekwisha. La mviringo ni la taratibu kidogo, lakini linavumilia vumbi na mti mkavu, na kulinoa hakuhitaji mkono wa fundi bingwa. Kwenye boksi la Stihl, Rapid Micro ni la mviringo, Rapid Super ni la mraba.

Nimezipanga kuanzia ile ya kununua mpaka ya kuiacha. Ya kwanza: jino la mviringo, iliyokatwa kutoka kwenye roli, yaani cheni ndefu iliyoviringishwa. Duka linalouza cheni kwa roli linakukatia idadi yako kamili, na unaliona jino kabla ya kulipa. Chuma cha roli la kampuni inayojulikana ni kilekile cha kwenye boksi. Udhaifu uko kwenye kiungo kimoja tu kilichofungwa dukani. Kikunje kwa vidole: kilegee sawasawa na viungo jirani, kisiwe kigumu wala kisicheze pembeni. Vichwa vya ribiti viwe vya duara safi. Ukiona kijana anaifunga kwa nyundo na msumari, mshukuru uondoke. Kuna kifaa cha kuzungushia ribiti, na duka makini linacho.

Ya pili: jino la mviringo, ya boksi. Naiweka ya pili kwa sababu ya feki. Boksi linaigwa kirahisi, chuma hakiigwi. Omba uguse ncha ya jino la juu kwa tupa, mara moja, taratibu. Jino zuri lina ngozi ngumu ya kromu juu, na tupa huanza kwa kuteleza kabla ya kung'ata. Likikubali tupa kama bati, rudisha. Muuzaji akikataa usiguse kabisa, angalia kama maandishi yaliyogongwa kwenye meno yanasomeka na yanalingana na ya kwenye boksi. Cheni isiyo na alama yoyote kwenye chuma, iache.

Ya tatu: jino la mraba. Hii ni ya mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anayekata mikaratusi yake mibichi ya kuni za bani, lile banda la kukaushia tumbaku, miti iliyosimama, gome safi. Hapo itakufurahisha. Lakini inarusha msumeno kwa nguvu zaidi ncha ya baa ikigusa kitu, kwa hiyo usimpe mwanafunzi.

Ya nne: ya kabaidi, yenye vipande vigumu kuliko chuma vilivyobandikwa kwenye meno. Inavumilia uchafu kuliko zote, na bei yake inakukumbusha hivyo. Shida ni kwamba tupa ya kawaida haiigusi. Inanolewa kwa jiwe la almasi. Ukiwa Ipole ikagonga waya na vipande vya kabaidi vikaruka, utampelekea nani?

Ya mwisho: ile ya bei chee isiyo na jina. Inavutika. Unaikaza asubuhi, mchana inaning'inia, na meno ya chini yanaanza kula gia.

Wapasua mbao wako nje ya safu hii. Cheni ya kawaida huwa imenolewa kwa nyuzi 30 ili ikate mti kwa kukingama. Ya kupasulia hunolewa nyuzi 10 hivi, na ubao hutoka laini zaidi. Ukikosa iliyotengenezwa hivyo, chukua ya mviringo usogeze pembe yake kidogokidogo kuelekea nyuzi 10 kila unapoinoa.

Nunua tupa siku hiyohiyo: milimita 4.8 kwa .325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 ya kawaida, 4.0 kwa 3/8 fupi, 5.5 kwa .404. Na itazame gia ya cheni. Ikiwa na mifereji iliyochimbika, cheni mpya itaharibika kwa kufuata umbo la ile ya zamani. Mwenye kazi ya kila siku anunue cheni mbili na gia moja mpya, azibadilishe zamu kwa zamu, zichakae pamoja. Cheni mpya ilaze kwenye oili usiku mmoja, ianze na magogo mepesi, na ikazwe tena ikishapoa, kwa sababu siku ya kwanza lazima ilegee. Oili iwe safi. Ile chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari ina vumbi la chuma ndani yake, na inaziba pampu.