Hita ya kuota: uzoefu wangu na baridi ya Molo

Mimi ni mtoto wa Kisumu, kule mtu hulala dirisha wazi na bado shuka linalowa jasho. Kazi ikanileta Molo mwezi wa Juni. Kufika Julai nilikuwa nikiingia kitandani na soksi na kofia. Huku ni karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na nyumba niliyokodisha ni ya mawe, imeezekwa mabati, dari iko chumba cha kulala tu. Sebuleni ukiinua macho unakutana na mabati yenyewe.

Majirani huingiza jiko la makaa ndani jioni. Nami nikajaribu siku tatu. Asubuhi ya nne niliamka kichwa kinagonga na kichefuchefu juu, nikajua si malaria. Ile gesi ya makaa, kabonimonoksaidi, haina harufu wala rangi, na nilikuwa nimeziba kila upenyo kwa magazeti ili baridi isipite. Jumamosi hiyo hiyo nilipanda matatu hadi Nakuru mjini, nikarudi na hita ya infraredi ya shilingi 2,600: mirija miwili ya kwatzi (aina ya kioo kinachostahimili joto kali), wati 600 kila mmoja, na bamba linalong'aa nyuma yake.

Wiki ya kwanza niliichukia. Niliiweka katikati ya sebule, nikawasha mirija yote miwili saa kumi na mbili jioni, nikazima saa tano usiku. Hesabu ni rahisi: yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, hivyo wati 1,200 kwa saa tano ni yuniti sita kila usiku. Tokeni za stima za shilingi 1,000, ambazo kwangu hutoa yuniti thelathini na kitu, hazikumaliza siku tano, na sebule ilikuwa baridi vilevile. Nilikaribia kuirudisha dukani.

Aliyenifungua macho ni mama, alipokuja kunitembelea. Aliitazama ikiwa kule mbali, akasema, "Mwanangu, moto huotwa. Wewe umekaa huku, moto uko kule, unauangalia kama televisheni?" Akavuta kigoda, akaisogeza, akaigeuzia miguu yake. Baada ya dakika mbili hivi akavua sweta.

Na ndivyo ilivyo. Mionzi ya infraredi hupasha kile inachokigusa, yaani ngozi, nguo, kiti na ukuta. Ni kama jua la asubuhi: ukiwa mbele yake unapata joto hata kama hewa bado ni baridi, ukikaa kivulini unalikosa. Hita inayopuliza hewa moto ingekuwa hasara zaidi, maana hewa moto hupanda, na kwangu ingeishia kwenye mabati. Usidanganywe na muuzaji anayekwambia aina moja inatoa joto maradufu kwa stima ileile. Yuniti moja ni yuniti moja. Tofauti ni joto linaelekea wapi.

Sasa ninawasha mrija mmoja tu, hita iko kama mita moja kutoka kwenye kochi, mgongo wake umeelekea ukutani, blanketi magotini. Saa mbili na nusu kila usiku, yuniti moja na nusu. Pazia zito nimelishusha kabla jua halijatua, na chini ya mlango kuna gunia lililokunjwa. Nikitoka kwenda jikoni nazima, kwa sababu kupasha kochi tupu ni kuchoma pesa. Ukiisogelea zaidi ya hapo utajuta: nilikaa nayo karibu mno jioni kadhaa, miundi yangu ikatoka mabaka mekundu.

Kasoro zake sasa. Waya ni mfupi mno, na huo ufupi ulikaribia kuniunguzia nyumba. Niliichomeka kwenye ekstensheni ya bei rahisi pamoja na televisheni, siku ya pili nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa imeanza kuyeyuka. Tangu hapo inaingia kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, peke yake, na kochi ndilo lililohama. Kitufe cha chini kinachoizima ikianguka kinafanya kazi, nilikijaribu mwenyewe, ila kwenye zulia nene hakibonyezeki vizuri na hita hukataa kuwaka. Nimeiwekea kigae bapa chini. Haina kidhibiti joto wala saa ya kuizima, kwa hiyo chumbani siipeleki. Huko natumia chupa ya maji moto. Na mama nimemkataza kuanika leso yake juu yake. Anaitikia, kisha nakuta leso hapo.

Stima ikipotea, na mvua za huku huipoteza mara kwa mara, basi ni pambo tu la sebuleni. Jiko bado ninalo. Siku hizo naliwashia nje kwenye baraza, nachemsha maji ya chupa, makaa yanabaki hukohuko.