Jeli ya estradiol ya pampu: inafaa joto la Dodoma, ila ni nusu ya dawa

Kati ya tiba za homoni kwa mwanamke aliyekoma hedhi au anayekaribia kukoma, kwa Dodoma tunaipa alama za juu jeli ya estradiol, aina ya estrojeni, inayopakwa kwenye ngozi. Kibandiko cha homoni nacho hufanya kazi, lakini jasho la Oktoba hukibandua pembeni kabla ya siku ya kukibadilisha. Vidonge vya estrojeni hupitia ini kwanza na huongeza hatari ya damu kuganda. Jeli kwa dozi ya kawaida haijaonekana kufanya hivyo.

Chupa ya gramu 80 hutoa vipimo 64, kila kimoja miligramu 0.75. Dozi iliyozoeleka ni viwili kwa siku, kwa hiyo chupa ni ya siku 32. Chupa mpya ina hewa: bonyeza hadi jeli itoke, kipimo cha kwanza kitupe, hakijakamilika. Paka kwa wepesi mkononi hadi begani, au paja kwa ndani, matiti yaache. Subiri dakika tano ikauke ndipo uvae, na usioge kwa saa nzima. Mjukuu asilalie mkono huo kabla ya saa nzima kupita, kwani homoni huhamia kwenye ngozi yake. Na ina spiriti, hivyo kaa mbali na jiko la mkaa.

Sasa kasoro. Mwenye kizazi akipaka jeli peke yake, ukuta wa kizazi hunenepa na huweza kuzaa saratani. Lazima aongeze projesteroni, homoni inayozuia ukuta huo kunenepa, ya kumeza kwa kapsuli: miligramu 100 kila usiku, au 200 kwa usiku 12 kila mwezi kama hedhi bado inakujakuja. Humezwa usiku maana huleta usingizi. Baadhi ya kapsuli zina mafuta ya karanga, mwenye mzio asome boksi. Famasi ikikuuzia jeli bila hata kukuuliza, "Mama, kizazi unacho?", rudi kwa daktari.

Hofu ya saratani ya titi ilikolea 2002, sehemu ya WHI, utafiti mkubwa wa Marekani wa afya ya wanawake waliokoma hedhi, iliposimamishwa. Washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63 na walimeza vidonge vya aina nyingine. Ongezeko lilikuwa kama wagonjwa 8 kwa wanawake 10,000 kwa mwaka. Kwa wengi walio chini ya miaka 60, wenye joto la ghafla mwilini usiku linalowanyima usingizi, faida huzidi. Si kwa aliyeugua saratani ya titi, kiharusi, damu kuganda au ini.

Ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Matone ya damu mwanzoni ni kawaida. Yakivuka miezi sita, au yakianza upya baada ya kukata, kapimwe kizazi.