Sidiria ya michezo: ya kubana au ya vikombe?

Sidiria ya michezo ni kifaa cha kazi kama kiatu cha mpira, na hapa tunaipima hivyo.

Zipo aina mbili kuu. Ya kubana hupitishwa kichwani na kulaza matiti yote kifuani kwa pamoja. Ya vikombe hulipatia kila titi nafasi yake, ina kulabu mgongoni na mikanda ya mabega inayopunguzwa au kuongezwa. Kwa kifua kidogo au mazoezi ya kunyoosha viungo, ya kubana inatosha. Kwa mbio, tenisi na michezo ya kuruka, hasa mwenye kifua kikubwa, chukua ya vikombe: titi halipandi na kushuka tu, huyumba pia kushoto na kulia.

Mzigo hubebwa na mkanda wa chini ya matiti. Ikiwa mpya, ikae sawasawa kwenye kulabu ya nje kabisa, maana lastiki italegea na utahitaji kulabu za ndani baadaye. Vidole viwili vipite chini ya mkanda, visizidi. Inua mikono: mkanda ukipanda, ni mkubwa. Nyama zikifurika juu, kikombe ni kidogo. Mabega yakibaki na michirizi, mkanda wa chini umelegea. Pitisha kidole kwenye mshono wa kwapani. Ukikwaruza dukani, uwanjani utachubua. Fua kwa maji baridi bila dawa ya kulainisha nguo, anika kivulini.

Sasa sponji. Sidiria nyingi za michezo huja na sponji ndani ya vikombe, na sponji hizo hazishikilii chochote. Hunywa jasho, hujikunja zikifuliwa, hukawia kukauka. Zimewekwa kwa ajili ya macho ya watazamaji, wasije wakaona chuchu. Fulana za wanaume haziwekewi.

Macho hayohayo ndiyo yameandika kanuni. Katika mashindano ya tenisi ya US Open ya 2018, mchezaji Mfaransa Alizé Cornet aligundua amevaa fulana kinyumenyume, akaigeuza haraka uwanjani. Sidiria yake ilionekana kwa sekunde chache, akapewa onyo. Wanaume katika mashindano hayohayo walikuwa wakibadilisha fulana kwenye viti vyao na kukaa vifua wazi bila kuulizwa. Waandaaji walieleza masikitiko yao baadaye, lakini onyo lilikwisha kutolewa mbele ya dunia nzima. Mwaka 2021 timu ya wanawake ya Norwei ya mpira wa mikono wa ufukweni ilitozwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptula badala ya bikini, ilhali wanaume wa mchezo huohuo walitakiwa kuvaa kaptula. Mmoja ameonywa kwa kufunua, wengine wametozwa kwa kufunika! Soka imefanya vizuri zaidi hapa: Chloe Kelly wa Uingereza alipovua jezi fainali ya Euro 2022 ya wanawake, alipata kadi ya njano, ileile anayopata mwanamume.

Na sidiria ya michezo inayotajwa sana kuwa ya kwanza, Marekani mwaka 1977, ilibuniwa kwa kushonea pamoja nguo mbili za ndani za kukinga sehemu za siri za wanamichezo wa kiume. Nguo hiyo haijawahi kumletea mwanamume maswali ya heshima.

Kwa hiyo ukinunua, chagua yenye sponji za kuchomoa, uzichomoe. Zilizoshonewa humo humo, ziache dukani.