Kibanda, king'amuzi au Namboole: pesa yako inanunua mpira upi?

Jumamosi jioni Kampala, mwenye shilingi elfu mbili mfukoni haulizi mpira utaonekana wapi. Kuanzia Wandegeya hadi Bweyogerere vibanda vya kuonyeshea mpira viko wazi, ubao umesimamishwa mlangoni, mechi zimeandikwa kwa chaki, na kama Arsenal inacheza basi uwahi au utazame ukiwa umesimama. Hapa tunavipima vibanda hivyo, king'amuzi cha nyumbani na majukwaa ya viwanja kwa swali moja ambalo mwenye kibanda haulizwi kamwe: mahali hapa panaonyesha ulinzi, au panaonyesha mbwembwe peke yake?

Mbwembwe utaziona popote. Ulinzi unauzwa uwanjani.

Sababu ni kamera. Uwanja wa mechi za kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Kamera kuu hukaa usawa wa mstari wa kati, hufuata mpira, na mara nyingi haionyeshi hata nusu ya urefu huo. Mpira ukiwa kwa winga unamwona winga, beki anayemkabili, na wawili watatu walio karibu. Wale wa upande wa pili, pamoja na kiungo anayepaswa kuziba mbele ya boksi, huenda wako nje ya picha kabisa. Chenga ni ya watu wawili, inaenea kwenye skrini. Ulinzi ni wa watu kumi na nafasi zilizo kati yao.

Tuanze na kibanda, maana ndiko watu waliko. Kiingilio cha mechi ya kawaida huwa elfu moja hadi elfu mbili. Kwa pesa hiyo unapata benchi la mbao, joto, na makocha mia moja ambao hukuwaajiri. Kwa shambulizi hakuna mahali pazuri zaidi: tobo likipigwa jengo zima linasimama, kisha marudio yanakuonyesha mpira ulivyopita katikati ya miguu. Kwa ulinzi, hesabu inakataa. Skrini ya inchi 32 ina upana wa kama sentimita 70. Kamera ikionyesha mita 50 za uwanja, pengo la mita 10 kati ya mabeki na viungo linabaki sentimita 14, nawe umekaa benchi la saba nyuma ya mtu mwenye kofia.

Chagua benchi la tatu au la nne, katikati. Ukikaa pembeni sana rangi za skrini bapa zinafifia. Angalia pia kama picha imetanuliwa ili ijaze skrini: mpira ukiwa kama yai kwenye picha ya karibu, umbali wote unaouona ni wa uongo. Mwambie mwenye kibanda arekebishe kabla ya mechi. Ukimwambia dakika ya 30 atakayetolewa nje si yeye. Projekta inatoa picha kubwa, lakini kabla ya giza mwanga unaopenya kwenye mabati huiosha picha, na jezi mbili zenye rangi za kukaribiana zinakuwa timu moja. Mechi ya saa kumi na moja jioni itafutie televisheni, ile ya saa nne usiku itafutie projekta. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa haraka, tatizo ni king'amuzi, ambacho lazima kijiwashe upya na kutafuta mawimbi. Ndani ya dakika hizo ndipo goli huingia, au angalau ndivyo kila mtu anavyoamini.

Kuna kasoro moja isiyo ya mwenye kibanda, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: marudio. Timu ikipiga shuti likaokolewa, watangazaji wanarudia shuti lile kwa sekunde saba, nane. Hizo ndizo sekunde ambazo timu inajipanga upya. Nani anarudi mbio, nani anatembea, kiungo mkabaji anakimbilia mtu au anakimbilia nafasi? Picha ikirudi, kila mtu ameshafika mahali pake, na mtazamaji anadhani ukuta ulikuwepo tangu mwanzo.

Ndiyo maana kibandani "kupaki basi", yaani timu nzima kurudi kulinda goli lake, ni tusi. Chukua Inter ya kocha Mourinho pale Camp Nou kwa Barcelona, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, 28 Aprili 2010. Thiago Motta alipewa kadi nyekundu dakika ya 28, wakabaki kumi, Piqué akawafunga dakika ya 84, mechi ikaisha 1-0, na Inter wakafuzu kwa jumla ya 3-2. Kwenye skrini, mechi ile ni Barcelona wakipasiana mbele ya boksi kwa saa nzima. Samuel Eto'o, mshambuliaji, alishushwa hadi karibu na mabeki wa pembeni, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kusimama mahali ambapo pasi isingeweza kupita. Kamera haina namna ya kuonyesha pasi ambayo haikupigwa. Moroko nayo ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 ikiwa imeruhusu goli moja tu, tena la kujifunga, lakini kinachorudiwa hadi leo ni kichwa cha En-Nesyri dhidi ya Ureno.

Sasa uwanjani. Namboole, yaani Uwanja wa Taifa wa Mandela, ulifunguliwa 1997, ukakarabatiwa, na Agosti 2025 ukapokea mechi za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Lawama yake ya kila siku ni ile njia ya riadha, na inapimika. Njia ya kawaida ya mita 400 yenye mistari minane inaweka kama mita 12 kati ya mstari wa pembeni wa uwanja na ukingo wa nje wa njia, lakini nyuma ya goli inaweka kama mita 36. Anayetaka kuona jasho la straika amepunjwa. Anayetaka kuona umbo la timu hajapunjwa hata kidogo, mradi apande juu. Safu za chini ndizo mbaya: ukiwa usawa wa wachezaji, mistari mitatu ya timu inalaliana machoni kama nguo kwenye kamba moja.

Jukwaa la pembeni, juu, linakuonyesha kina: umbali kati ya mabeki, viungo na straika, pamoja na mtego wa kuotea. Nyuma ya goli, juu, unaona upana: mabeki wanne wanavyosogea pamoja kama pazia mpira unapohama upande. Ukilazimika kuchagua kiti kimoja, chukua cha juu karibu na kona, utapata vyote viwili kwa kiasi. Epuka upande unaotazama magharibi kama mechi inaanza saa kumi, jua la kipindi cha pili litakukaa usoni.

Uwanja wa St. Mary's wa Kitende hauna njia ya riadha, hivyo uko karibu zaidi. Lugogo, nyumbani kwa klabu ya KCCA, ni uwanja mdogo wa nyasi bandia, na faida yake ni masikio: unamsikia kipa akiwapanga mabeki, kitu ambacho Namboole iliyojaa hakiwezekani. Kwa umbo la timu Lugogo haitoshi. Kwa amri za ulinzi, inashinda zote.

Kiti kizuri hakisaidii macho yakifuata mpira. Dakika kumi za kwanza uache kabisa mpira, mchague beki wa kushoto wa timu moja na umtazame yeye tu. Mpira ukiwa upande wa kulia wa timu yake, beki huyo anapaswa kuwa ameingia ndani hadi karibu usawa wa mwamba wa mbali wa goli. Akibaki ameganda pembeni, krosi ndefu itamkuta mtu nyuma ya beki wa kati, na kibandani watamlaumu beki wa kati. Dakika kumi zinazofuata pima kina. Kipimo kimechorwa chini: boksi lina kina cha mita 16.5. Pengo kati ya mabeki na viungo likikaribia kina cha boksi, namba kumi wa wapinzani, yaani mchezeshaji anayecheza nyuma ya straika, ana sebule yake humo. Kocha Arrigo Sacchi pale Milan alitaka mita 25 tu kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji, yaani kina cha boksi na mita 8.5 tu juu yake. Timu zetu nyingi zinaanza hivyo, kisha baada ya dakika ya 60 miguu inachoka, mabeki wanaogopa mpira wa juu na kurudi nyuma, viungo hawarudi nao, na timu inakatika kiunoni.

Tazama pia sekunde tano baada ya timu inayojilinda kunyang'anya mpira. Wangapi wanakimbia mbele? Akikimbia mmoja, ule si ulinzi wa kuvizia, ni kuomba dakika zipite. Cranes, timu ya taifa ya Uganda, kwenye AFCON 2017 (Kombe la Mataifa ya Afrika) waliruhusu magoli matatu tu katika mechi tatu, 1-0 kwa Ghana, 1-0 kwa Misri na sare ya 1-1 na Mali, na bado walirudi nyumbani mapema kwa sababu walifunga moja, la Farouk Miya. Ukuta ulikuwepo. Njia ya kutokea ndiyo ilikosekana.

Muhtasari wa kwenye simu hatuupi hata nyota moja kwa kazi hii. Uganda na Afrika Kusini walipotoka 3-3 Namboole kwenye CHAN, wenyeji wakirudi kutoka 3-1 kwa penalti mbili za mwishoni, muhtasari ulikuwa sherehe ya magoli sita. Ukiutazama peke yake utadhani hakuna aliyekaba siku ile. Siku tano baadaye Senegal walitutoa 1-0, na hapo muhtasari ukakosa cha kuonyesha.

King'amuzi cha nyumbani chenye kurekodi kina neema moja isiyopatikana kibandani wala uwanjani: unaweza kusimamisha picha. Itumie kwenye kona, kwa sababu hapo karibu kila mtu yuko ndani ya fremu. Simamisha mpigaji anapoinua mkono, hesabu waliosimama kwa mstari bila kumshika mtu na waliobandikwa mgongoni mwa wapinzani. Kisha sogeza mbele taratibu uone nani aliangalia mpira akamsahau mtu wake. Huyo ndiye wa kumtazama kwenye kona inayofuata.