Sola ileile, nyumba tatu: nilicholipa Dodoma, Muleba na Pangani

Mtu akiniuliza kufunga sola ni shilingi ngapi, namuuliza kwanza nyumba iko wapi. Ndani ya miaka miwili nimesimamia ufungaji katika nyumba tatu za ukoo wetu: kwangu Dodoma, kwa Mama huko Muleba, kando ya Ziwa Victoria, na kwa kaka yangu Pangani, pwani ya Tanga. Mzigo karibu wote ulitoka Kariakoo, kwa bei zilezile. Ila aliyetugharimu zaidi ni Mama, na matumizi yake ya umeme ndiyo madogo kuliko ya sisi wote.

Nilianza kwangu mwanzoni mwa 2024, nikiwa nimechoka kutupa nyama na maziwa kila mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipozidi. Nilichukua paneli 4 za wati 550 kwa 290,000 kila moja, inveta haibridi (inayotumia sola, betri na gridi kwa pamoja) ya kilowati 3 kwa 850,000, na betri ya lithiamu ya volti 24 yenye Ah (ampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) 200 kwa 2,900,000. Reli za alumini, nyaya, breka na kisanduku chake vikafika 520,000. Kusafirisha kutoka Dar 90,000, fundi 300,000. Jumla nikatoa 5,820,000.

Jua la Dodoma ni neema. Kuanzia Mei hadi Novemba wingu ni la kutafuta, na inveta inanionyesha uniti 9 kwa siku ya kawaida. Natumia 6 au 7: friji, feni, televisheni, pampu ya maji asubuhi, pasi saa saba mchana. Kinachosumbua ni vumbi. Agosti nilisafiri mwezi mzima, niliporudi nikakuta uniti 7. Nikapanda alfajiri na ndoo ya maji na kitambaa laini, kioo kikiwa bado baridi, na siku iliyofuata zikarudi 9.

Kuhusu kuokoa pesa, niseme hesabu yangu ilivyo. Kabla ya sola nilikuwa nanunua LUKU ya elfu 70 kwa mwezi, uniti 196 hivi kwa shilingi 356. Sasa nanunua ya elfu 15. Naokoa 660,000 kwa mwaka, maana yake nahitaji karibu miaka 9 kurudisha nilichotoa. Mwenye umeme wa gridi mjini, akifunga kwa sababu ya bili tu, asubiri kwanza. Mimi nilinunua utulivu wa friji na taa, na utulivu huo nimeupata, hata baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024 na mgao kupungua.

Muleba ni habari nyingine kabisa. Kwa Mama nguzo ziliishia barabarani, mbali na nyumba, kwa hiyo ile bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ya shilingi 27,000 haikutusaidia kitu. Nikapiga hesabu zangu za Dodoma: taa, televisheni, simu na friji ndogo ya samaki, uniti 2 na nusu kwa siku. Nikaona paneli 2 na betri ya Ah 100 zinatosha na kubaki. Paneli 580,000, betri 1,550,000, inveta 850,000, vifaa 430,000. Usafiri hadi Muleba 260,000. Fundi alitoka Bukoba mjini, na pamoja na nauli na malazi akachukua 400,000. Alipopanda darini akakuta kenchi mbili zimeliwa na mchwa, mbao na msumari 120,000. Kisha akakataa kuondoka bila kuweka erthi ya maana na kinga ya radi, 190,000, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu radi za kando ya Ziwa wenyewe mnazijua. Ikawa 4,380,000, nikafurahi kwamba Mama katoka kwa bei nafuu kuliko mimi.

Furaha ikadumu hadi mvua za Novemba. Kulikuwa na siku paneli zile mbili zinaingiza uniti 1 tu. Mama ananipigia: "Mwanangu, friji imezima tena saa nane usiku, na samaki ni wa jana." Nilimpigia fundi nikiwa na hasira, nikidhani kakosea kuunga nyaya. Akanijibu kwa upole: "Dada, huku hatununui sola kwa kuangalia jua, tunanunua kwa kuangalia mawingu. Nilikwambia 4." Ni kweli aliniambia. Mimi nilidhani anatafuta kuuza.

Tukaongeza paneli 2 kwa 580,000, na betri ya pili ya aina ileile kwa 1,600,000. Paneli moja ilifika imevunjika kioo ndani ya buti la basi, ikabidi ninunue nyingine Bukoba kwa 370,000. Usafiri tena 180,000, fundi tena 250,000. Awamu ya pili peke yake ilikula 2,980,000, jumla yote ikawa 7,360,000. Ningemsikiliza fundi siku ya kwanza ningeokoa safari moja ya mzigo na safari moja ya fundi, na pengine ile paneli isingevunjika. Mama sasa ana umeme hata mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, na majirani wanaleta samaki wao kwake.

Pangani kaka alibeba mzigo kwa gari lake, akapata fundi wa 250,000, na badala ya reli za alumini akakubali stendi za chuma kilichopakwa rangi. Kwa paneli 4, inveta na betri kama zangu, jumla ikawa 5,590,000. Baada ya mwaka mmoja na nusu stendi zilikuwa zinachuruza kutu jekundu juu ya bati, na bolti mbili zilikatika kwa mkono. Upepo wa chumvi hauhurumii chuma. Kubadilisha kuweka alumini na bolti za chuma kisichoshika kutu ilikuwa 340,000. Wakati huohuo tuliziinua paneli, maana zilikuwa zimelala juu ya bati bila nafasi. Paneli hupoteza nguvu kadiri inavyopata moto, na ikifika nyuzi 60 inakuwa imepoteza zaidi ya asilimia 10. Sasa hewa inapita chini yake, nafasi ya shubiri moja. Fundi wa pili pia alizigeuza zitazame kaskazini zikiwa na mwinamo kidogo, kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta. Muleba, karibu kabisa na ikweta, uelekeo haukutusumbua sana, mwinamo ulikuwa wa kusaidia mvua isafishe kioo.

Mkienda dukani bebeni futi kamba. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa mita 2.28 hivi na upana wa mita 1.13, na uzito wake unakaribia kilo 28. Nilionyeshwa moja yenye stika ya 550 ambayo ningeweza kuibeba kwapani peke yangu, na bei yake ilikuwa chini kwa elfu 90. Niliirudisha pale pale.

Betri zote nne bado ziko ndani ya garantii ya miaka 5, risiti nimezihifadhi pamoja na picha za namba zake. Kaka anataka kuongeza betri ya pili kabla ya Ramadhani. Nimemwambia tusubiri masika yapite, tusome kwanza skrini ya inveta inasema nini siku za mawingu.